Mama Mkwe wa Nyuma ya Turubai

Mliponiaga pale studio mwezi uliopita mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi. Nimeitundika jikoni na inaenda vizuri. Siku hiyo mmoja wenu aliniuliza, "Mama Loisi, hivi wewe ulianzaje hii kazi?" nikamjibu kwamba nilianza kwa bahati mbaya. Mkacheka, keki ikakatwa, na swali likapotea kati ya soda na hotuba. Lakini mimi nilirudi nalo nyumbani. Sasa nimekaa hapa Kapseret, ng'ombe wamekamuliwa, chai iko mezani, nawaandikia jibu refu.

Miaka ya karibuni mnaijua kwa sababu mlikuwepo. Mmenisikia nikiwa mchawi, mke wa mchungaji, na mara moja malkia, ambaye alikatwa na mtayarishaji kabla hajafungua mdomo. Nani alipandishwa cheo na nani alipewa ofisi yenye dirisha, hayo waulizeni wenye kuyapenda. Mimi nataka kuwaandikia ya mwanzo, ya Eldoret ya Wazungu, wakati mchezo wetu wa mfululizo ulichezwa Jumamosi alasiri bila kurekodiwa, na ukikosea umekosea mbele ya mji mzima.

Nianze na kwetu, maana kazi hii niliikuta nyumbani. Baba alikuwa fundi wa mbao kwa Kaburu mmoja huku huku Kapseret, akitengeneza magurudumu ya magari ya ng'ombe. Mchana mikono yake ilikuwa ya Kaburu, jioni ilikuwa ya shiriri, kile chombo cha nyuzi kinachopigwa kwa upinde mpaka kinalia kama mtu mwenye habari mbaya. Mama alikuwa mwimbaji wa harusi na wa matanga. Watu wetu waliotoka magharibi kuja kufanya kazi kwenye mashamba walimfuata kutoka mbali, kwa sababu Mama akimlilia marehemu hata aliyegombana naye alilia. Kaka yangu Wafula alipiga ngoma, na kama hakuna ngoma, alipiga sufuria, meza, au mlango wa jirani.

Mimi, kitinda mimba, sikuweza kuimba wala kupiga chochote. Nilichoweza ni kuiga watu. Nilimwiga mchungaji, nilimwiga mke wa Kaburu akiita mbwa wake, nilimwiga shangazi akikohoa. Kwetu hicho hakikuhesabiwa kuwa kipaji. Kilihesabiwa kuwa utovu wa adabu, na nilichapwa kwa ajili yake mara nyingi kuliko mlivyochapwa nyinyi wote mkiunganishwa.

Wakati huo kulikuwa na ukumbi mdogo kule lokesheni, yaani mtaa wa Waafrika, na afisa wa maslahi wa kizungu aliyeusimamia. Tulimwita Bwana Saa kwa sababu alitazama saa yake hata akiwa anacheka. Aliweka vipaza sauti viwili juu ya mti wa mkaratusi uwanjani, akavuta waya mpaka chumba cha nyuma cha ukumbi, na huko ndani akasimamisha maikrofoni moja. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na serikali iliona heri watu wakae uwanjani wakisikiliza kuliko wakae majumbani wakizungumza. Basi ikaamuliwa tuwe na mchezo wa kufundisha ndoa njema na usafi wa vyoo.

Bwana Saa alikuwa na amri moja aliyoirudia kila siku kwa kile Kiswahili chake cha shambani. "Sauti tu. Hapana onyesha sura. Watu naona sura, mchezo nakufa." Kwa hiyo sisi tulikaa chumbani tumefunga mlango, na watu walikaa nje kwenye nyasi wakisikiliza mti.

Mwandishi wetu alikuwa Mwalimu Elija, mtu wa Kaptagat aliyefundisha shule ya misheni. Alitafuta watu wa kucheza akasikia habari za nyumba yetu. Akamchukua Baba kwa muziki, Wafula kwa milio, na Agneta, mke wa Wafula, kwa sauti yake tamu. Mimi nilipewa sentensi moja ya jirani anayeomba moto.

Siku ya kwanza, mama aliyechaguliwa kuwa Mama Sabina, mama mkwe mkali wa mchezo huo, aliingia chumbani akaiona maikrofoni. Aliizunguka. Akamuuliza Mwalimu kama hiyo kitu inasikia na mawazo. Mwalimu akasema hapana, inasikia sauti tu. Yule mama akafikiri, akachukua kikapu chake, akaenda zake, na hatukumwona tena. Nje watu walikuwa wamejaa, Bwana Saa anatazama saa, na Mwalimu Elija alikuwa karibu kulia.

Mimi nikafungua mdomo nikasema maneno ya Mama Sabina kwa sauti ya bibi yangu, mama yake Baba, aliyekuwa mkali hata kwa kuku. Wafula akaangusha debe. Baba akaacha upinde hewani, maana ilikuwa kama mama yake ameingia. Mwalimu akanisukuma mbele ya maikrofoni, na hivyo ndivyo msichana wa miaka ishirini, ambaye hakuna mtu aliyekuwa amemposa, alivyopata binti aliyeolewa.

Binti huyo, Roda, aliigizwa na Agneta. Mume wa Roda aliitwa Petro, na Petro aliigizwa na Joshua, karani wa ghala la mizigo pale stesheni ya reli. Joshua alikuwa na sauti ya mtu anayeomba samahani kabla hajakosa. Kila Jumamosi Petro alijaribu kumpendeza mama mkwe wake, na kila Jumamosi mama mkwe alimwona hafai.

Sasa hapa ndipo Mwalimu Elija alipokosea, ingawa kosa lilichukua muda mrefu kuiva. Sisi tuliotoka magharibi tunamheshimu mama mkwe kuliko mnavyoiheshimu mikataba yenu. Mkwe hamtazami usoni. Hampi mkono, hali mbele yake, akikutana naye njiani anaingia kichakani mpaka apite. Mwalimu aliujua mwiko huo, hata kwao upo wa namna yake, lakini alikuwa amesoma sana na kwake mchezo ulikuwa mchezo. Akawachukua kijana na msichana ambao hawajaoa wala kuolewa, akawafanya mkwe na mama mkwe, akaridhika.

Baba hakuridhika. Baada ya siku ile ya kwanza alimwambia Mwalimu, "Kama huyu kijana atamwita mtoto yangu mama mkwe mbele ya watu, basi atamheshimu kama mama mkwe. Hatamwangalia. Na hapa ndani hawatakula pamoja."

"Lakini Mzee, ni mchezo tu," Mwalimu akasema.

"Nimesikia. Na mimi naongea juu ya mchezo."

Akaenda kwa Kaburu akaomba turubai kuukuu la gari la ng'ombe, akalitundika katikati ya chumba kutoka darini hadi sakafuni. Maikrofoni ikasimama mwisho wa turubai, penye ukingo, Joshua upande wake na mimi upande wangu. Agneta aliruhusiwa kwenda kote kote kwa sababu alikuwa mke na binti. Mtatoa macho, nyinyi mliozoea kila mtu kuwa na maikrofoni yake na maji ya chupa, lakini niwaambie, sijawahi kufanya kazi na mtu vizuri kama nilivyofanya na mtu nisiyemwona. Macho yakizibwa masikio yanapata kazi. Nilijua kwa pumzi ya Joshua kama amesahau neno, nikamrushia tusi la kumkumbusha.

Mwalimu wangu wa kweli alikuwa Mama. Alinisikia Jumamosi ya pili kutoka uwanjani, akaja nyumbani amekunja uso. "Unatetemesha koo," akaniambia. "Umeona wapi mzee anatetemesha koo hivyo? Ni mbuzi huyo. Uzee uko kwa pumzi. Mzee anatafuta pumzi kwanza, halafu ndiyo anatafuta maneno." Akanikalisha kwenye kigoda kifupi, magoti juu, akanifunga leso tumboni mpaka pumzi ikawa nusu. Kisha akaniambia nimtukane. Nilimtukana mamangu mzazi jioni nzima kwa idhini yake, naye akawa ananisahihisha. Mpaka nilipostaafu, kila mama mzee niliyemwigiza alikaa kwenye kigoda. Wale waliodhani nina ugonjwa wa mgongo sasa wanajua.

Vyombo vyetu vilikuwa vya Wafula. Mvua ilikuwa mahindi makavu kwenye debe. Moto ulikuwa maganda ya mahindi yakikunjwa karibu na maikrofoni. Matope yalikuwa unga uliokandwa majimaji, na baada ya mchezo Agneta aliupeleka nyumbani kwa sababu hata wiki ambayo Petro na Roda wametembea kwenye matope, nyumbani watu wanataka kula. Ng'ombe alikuwa Wafula mwenyewe. Alilia vizuri hata siku moja ng'ombe wa Mzungu fulani waliokuwa wakipelekwa stesheni wakageuka wote wakaja ukumbini, na mchungaji wao akaja kutuuliza kama tumemwiba mmoja.

Kuna Jumamosi sitaisahau. Mwalimu alikuwa ameandika habari za ukame. Mama Sabina alitakiwa kusema nchi imekauka, kisima kimekauka, na yote ni kwa sababu Petro hajui kuomba. Nikaanza, na mvua ya mawe ya Eldoret ikaanza pamoja nami. Nyinyi mnaijua ile mvua juu ya mabati. Nilikuwa nasema "hakuna hata wingu" na mawe yanapiga paa kama mtu amemwaga gunia la kokoto. Mwalimu alishika kichwa. Upande wa pili wa turubai Joshua, kwa ile sauti yake ya samahani, akasema, "Mama mkwe, nimeomba." Nikamjibu, "Umeomba maji, nani alikwambia uombe mawe? Hata Mungu unashindwa kumwelekeza!" Uwanjani watu walikuwa wamejifunika mifuko na mabeseni, hakuna aliyekwenda nyumbani, na kicheko chao tulikisikia juu ya mvua.

Baada ya hapo tulijulikana. Watu walianza kuja kutoka mashambani kwa miguu na kwa magari ya ng'ombe, na watumishi wa majumbani waliwaomba mabibi zao ruhusa ya kwenda kanisani Jumamosi alasiri. Joshua alitambulika kwa sauti, kwa hiyo pale stesheni makuli walimwita Petro na walimpa pole. Mimi hakuna aliyenijua. Nilienda sokoni kununua nyanya, nikakuta wamama wananisengenya mbele yangu. "Huyo Mama Sabina ana roho mbaya, kwanza lazima ni mnene." Mmoja alinishika mkono akaniambia, "Wewe binti, ukiolewa uangalie sana kwanza mama ya huyo kijana." Nikamwahidi nitaangalia. Sikujua nilichokuwa naahidi.

Joshua nilimpenda polepole na kwa masikio. Mwiko wa Baba ulikataza macho na chakula, haukukataza maneno. Wakati wa kungoja, Bwana Saa akitengeneza waya, Joshua aliniuliza kupitia turubai, "Loisi, umekula?" Hakuniita Mama Sabina. Nilisema nimekula. Jumamosi iliyofuata akauliza tena. Nilianza kuja mapema ili niulizwe kama nimekula. Tukaongea habari za ghala lake, mtu aliyepokea kreti ya vifaranga akakuta wameshakuwa majogoo, habari za nyimbo za Mama, habari za mama yake aliyekaa naye kwenye nyumba za reli na kuuza ndizi. Kisha ikaja siku tuko kwenye zamu, maikrofoni inasikia, mimi namwambia "Wewe Petro, mwanangu aliona nini kwako?" nikaruka mstari mzima uliofuata, kwa sababu mimi nilikuwa nimekiona.

Tukakutana nje mara chache, kando ya mto Sosiani, mchana, kama watu wenye heshima. Mara ya kwanza nilipoona uso wake vizuri nilishangaa kwamba alikuwa na meno yenye mwanya. Sauti haikuwa imeniambia. Aliponiuliza kama nitaolewa naye nilimwambia ndiyo kabla hajamaliza, tabia mbaya kwa mwigizaji, mngoje mwenzako amalize.

Akaenda kumwambia mama yake. Mama Joshua alifurahi sana. Akauliza msichana ni wa nani, akaambiwa. Akauliza kama ni mtu wa kanisa, akaambiwa. Akauliza anafanya kazi gani.

"Mama, ni yeye Mama Sabina."

Joshua aliniambia mama yake aliketi chini mahali aliposimama. "Yule?" akasema. "Yule umemwita mama mkwe miaka miwili, mimi nasikia na masikio yangu, reli yote inasikia? Joshua, unataka kuoa mama mkwe yako?"

"Ni sauti tu, Mama."

"Na wewe ulimwita na nini, na miguu? Si ni sauti!"

Kwetu hali ilikuwa ile ile. Baba hakupiga kelele. Alisema tu kwamba yeye ndiye aliyetundika turubai, na hawezi kuwa yeye yule yule wa kulitoboa. Watoto watakaozaliwa watauliza, na watu watawajibu. Aliweka shiriri chini, na Jumamosi hiyo mchezo ulikwenda bila muziki. Nilimwona Mama akimtazama.

Mtaniuliza kwa nini hatukuondoka tu, tukaenda Kisumu au Nairobi tukaoana. Wengine walifanya hivyo. Lakini mimi sikutaka kuwa bibi harusi ambaye mama wa mumewe akisikia sauti yake jikoni anaingia kichakani. Nilimtaka Joshua na nilimtaka kwa mlango wa mbele. Na nilimtaka Mama Sabina pia, niseme ukweli. Nilikuwa nimemtengeneza mimi, na nilikuwa nimeanza kuwa mzuri katika kazi. Nililia wiki nzima, na Jumamosi nikaingia kwenye kigoda nikachekesha watu.

Mama ndiye aliyewaita. Alimwalika Mama Joshua kwetu, akampikia kuku, akamkalisha na Baba, na mimi nikawa nyuma ya mlango pamoja na Agneta. Wakaongea habari za mahindi, habari za Makaburu, habari za wafu wao. Mwishowe Mama akasema, "Mimi nafanya kazi ya kuita watu majina yao mbele ya watu. Harusi naita, matanga naita. Huyu mtoto ameitwa jina ambalo si lake, mbele ya watu. Kila Jumamosi. Sasa mimi nauliza, kuna mtu amewahi kusimama hapo kwa uwanja akaita jina lake?"

Baba akasema kwamba ikiwa ni kuita, mwenye kumwita ni yeye baba yake.

"Mimi nitakuja kusikia," Mama Joshua akasema. "Siahidi. Nitakuja kusikia."

Tatizo likabaki kwa Bwana Saa. Mwalimu Elija alikwenda kumweleza kwamba Jumamosi hiyo Mama Sabina atatolewa nje aonwe. Alirudi amejikunyata. Bwana Saa alikuwa amesema watu wakiona msichana badala ya bibi kizee hawataamini tena hata choo, na kama nitatoka nje ya mlango ule nisirudi ndani. Mwalimu aliniambia niamue mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo maishani, na sikupenda hata kidogo. Niliamua kutoka.

Jumamosi ilifika na jua kali. Uwanja ulijaa mpaka barabarani. Kabla ya mchezo Baba alitoka na shiriri, akapiga kidogo ili watu watulie, kisha akaniita. Nikatoka kwa gauni langu la kanisani. Joshua akatoka na suti ya kuazima, akasimama mbali nami kidogo. Baba akasema kwa sauti yake mwenyewe, bila kipaza, jina langu, jina la baba yake, jina la mama yake, na ukoo wetu mpaka nyuma kabisa. Akasema, "Huyu ni Loisi. Ni msichana. Hajazaa mtoto, hana binti, kwa hivyo hana mkwe. Yule mnasikia kwa mti ni kazi anafanya, vile mimi natengeneza gurudumu." Halafu akamtaja Joshua.

Nilingoja. Uwanja ulinitazama kutoka kichwani mpaka viatuni. Kisha mtu akacheka, na wengine wakacheka, na mama mmoja akapaza sauti, "Mzee, usitudanganye! Huyu mtoto mwembamba?" Mwingine akasema huyo binti ananunua nyanya kwake. Hawakuamini. Nilikuwa nimeogopa kwamba wangeamini wakaudhika, wala sikuwa nimefikiri kwamba wangekataa kabisa.

Mama Joshua akasimama. Alikuwa mbele, amevaa kitambaa cheupe kichwani. Watu wakanyamaza kwa sababu walimjua ni mama yake Petro. "Mimi huyu msichana simjui," akasema. "Mama Sabina namjua. Nimemsikia miaka miwili. Kama huyu kijana si mkwe wake, Mama Sabina aseme mwenyewe. Nikisikia kwake nitakubali."

Nikamtazama Bwana Saa aliyekuwa mlangoni. Alitazama saa yake, akatazama ule uwanja wote uliokuwa umegeukia mti, akasogea pembeni nikapita.

Nikaingia bila Joshua. Mama yangu alikuwa ameshanitangulia ndani, ananingojea na leso mkononi. Alinifunga kwa nguvu, akanisukuma kwenye kigoda, akatoka. Nilijua kitu kimoja: nikisema kwa upole nimekwisha. Mama Sabina hakuwa amesema neno jema tangu aanze, na watu wale walimjua kuliko mimi. Nikatafuta pumzi kwanza.

"Nani amenitoa kitandani?" nikasema, na nje nikasikia uwanja mzima ukivuta pumzi. "Eti mkwe wangu amesimama hapo? Mkwe wangu ni Petro. Petro ni yule aliyejenga choo kikaanguka kabla hakijatumiwa. Huyo mliyenisimamishia hapo na suti ya watu, mimi simjui. Hajaingia kwangu. Sijafunika uso kwa ajili yake hata siku moja. Hakuoa mwanangu, na ninamshukuru Mungu, nina shida za kutosha. Kama kuna msichana anamtaka, amchukue leo leo kabla sijaamka vizuri. Na mama yake kama yuko hapo, nampa pole, amezaa mtu mwenye mwanya."

Kicheko kikaja kama ile mvua ya mawe, na ndani yake nikasikia shiriri. Nilikaa pale pale kwenye kigoda. Kicheko kilipopungua nilisikia mlango unafunguliwa, nikasikia hatua za mtu mzito asiye na haraka. Akaenda upande wa pili wa turubai kwanza, upande wa Joshua, akatazama huko. Kisha mkono ukashika ukingo wa turubai, ukalivuta kando, na Mama Joshua akanitazama nilivyokaa, magoti juu, leso tumboni, machozi mpaka kidevuni. Alitazama kila kona ya kile chumba. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Yule mama ako wapi?" akaniuliza.

"Ameenda, Mama."

"Atarudi?"

Nilitaka kumdanganya. Nilifikiri juu ya Joshua aliye nje, na juu ya kile kigoda nilichokalia, na sikuweza kusema hapana.

"Atarudi Jumamosi, Mama."

Akafikiri. Akainama, akaanza kunifungua ile leso tumboni, fundo baada ya fundo, mpaka pumzi yangu yote ikarudi.

"Basi mpaka Jumamosi wewe ni mtoto yangu," akasema. "Inuka, twende nyumbani."

Hakuna aliyekuwa amezima maikrofoni. Uwanja mzima ukapiga vigelegele.